Ha- Iliyoingiwa na Maji

Kibao chenyewe si kikubwa. Ni moduli kumi na mbili za taa nyekundu za LED, zimepangwa safu mbili, sita juu na sita chini. Moduli moja ina upana wa sentimita 32 na kimo cha sentimita 16, na ndani yake zimo nukta 512 za mwanga, kila nukta ikiwa milimita 10 kutoka kwa jirani yake. Kwa sababu ya hizo milimita 10 mafundi huiita P10. Kibao kizima, basi, kina upana unaokaribia mita mbili. Kilitundikwa juu ya mlango wa kituo kimoja cha afya hapa Kisangani, ambacho sitakitaja jina, ili kiwaambie wapita njia kituo kiko wazi lini, chanjo ni siku gani, na daktari yupo au hayupo.

Ukiandika kwa herufi kubwa nene, kila herufi ikichukua safu wima 16 za nukta, moduli moja hubeba herufi mbili na safu nzima hubeba herufi 12. Neno HATUTAFUNGUA lina herufi 12. Hesabu mwenyewe. Fundi aliyekifunga kibao hicho mara ya kwanza alifurahi, nadhani, kuona neno limeenea pale kama kifuniko kwenye sufuria yake. Akaliacha juu, na chini yake akaweka KESHO. Kila Jumamosi jioni kibao kikawa kinawaka hivyo: HATUTAFUNGUA KESHO.

Mvua za Septemba zilipoanza, moduli moja ilizimika. Ilikuwa ya safu ya juu, ya kwanza kabisa kushoto. Moduli hizi hupokezana habari kwa utepe wa nyaya, moja ikimpa mwenzake, na hiyo ya kushoto ndiyo ilikuwa ya mwisho kupokea. Kwa hiyo kufa kwake hakukumdhuru mwingine yeyote. Zilipotea herufi mbili tu. Kilichobaki ni hiki: TUTAFUNGUA KESHO.

Hakuna herufi iliyopinda, hakuna neno lililokatika vibaya. Kushoto palibaki giza la upana wa herufi mbili, kama ukingo wa daftari, na baada yake sentensi ya Kiswahili iliyo safi, yenye sarufi kamili, inayosema kinyume cha ilichoandikiwa.

Mama mmoja wa Lubunga aliisoma Jumamosi jioni akitoka sokoni. Mtoto wake alikuwa na homa tangu asubuhi. Angeweza kumpeleka usiku uleule mahali pengine, kwenye foleni ndefu na bei ya juu zaidi, lakini kibao kilimwambia asubiri asubuhi. Lubunga iko ng'ambo ya mto. Wilaya nyingine tano za jiji ziko upande huu wa kulia. Jumapili alfajiri alivuka kwa pirogi, mtoto mgongoni, akakuta kufuli. Mtoto alipona, mlinzi aliwasaidia kupata pikipiki hadi hospitali. Lakini homa ya mtoto wa miaka miwili katika nchi ya malaria si kitu cha kulaza usiku mzima kwa sababu ya herufi mbili, na mama yule alirudi Jumatatu kuwaambia hivyo kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

Hapo ndipo yaya alipoitwa. (Msomaji wa pwani asishangae: huku kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto.) Yaya wangu ni fundi wa umeme na taa za matangazo. Alipanda ngazi, akafungua kibao, akaona kutu na maji, halafu akanipigia simu. Aliniambia: "Wewe unasomea lugha. Maji nitayatoa mimi. Njoo utafute namna ya kuandika ili siku nyingine taa ikifa, kibao kisidanganye watu."

Katika miaka yangu yote ya kitivoni sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo.

Tunafundishwa kwamba Kiswahili hukanusha kwa kuweka ha- mwanzoni mwa kitenzi, na kanuni hiyo tunaikariri kwa haraka kama vile wakati wote ni sawa. Tazama kinachotokea ndani ya kitenzi chenyewe. Tunafungua, hatufungui: alama ya wakati imeondoka na irabu ya mwisho imegeuka kuwa i. Tulifungua, hatukufungua: li imeipisha ku. Tumefungua, hatujafungua: me imeipisha ja. Katika nyakati hizo tatu ukanushi umeandikwa mara mbili, mara moja mlangoni na mara nyingine ndani ya nyumba. Ondoa ha- na kinachobaki ni tufungui, tukufungua, tujafungua: maneno yaliyovunjika. Msomaji ataona kuna kitu kimeharibika, atauliza, atabisha hodi.

Sasa chukua wakati ujao. Tutafungua, hatutafungua. Ndani hakuna kilichobadilika hata kidogo. Ta ni ileile, a ya mwisho ni ileile, na uzito wote wa kukataa umebebwa na silabi moja iliyosimama peke yake mlangoni. Ikiondoka hiyo, hakuna shahidi mwingine.

Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alichapisha nadharia yake ya hisabati ya mawasiliano, na jambo mojawapo alilolionyesha ni kwamba ujumbe unaopita katika njia yenye kelele huokolewa na ziada, yaani habari ileile kurudiwa kwa namna zaidi ya moja. Mimi nilikuwa nimemsoma kama mtu wa simu na mashine. Sikufikiri kwamba wakati ujao wa Kiswahili ungenionyesha mahali ambapo lugha yangu haina ziada yoyote. Na cha kusikitisha ni kwamba vibao vya matangazo huzungumza hasa kwa wakati ujao. Nani huwasha taa kuwaambia watu kwamba jana hakufungua?

Nilijaribu kwanza njia ya mkato, kama ambavyo mtu yeyote angejaribu: HAKUNA MATIBABU. Herufi mbili za kwanza zikifa, kibao kinasema KUNA MATIBABU. Nikaja na KESHO TUTAFUNGA, bila ukanushi wowote. Hapa tatizo liko upande wa pili: funga na fungua ni ndugu wa shina moja, na kinachowatenganisha ni u moja tu, ile ya kutendua. Mtu anayesoma kwa mbali, kwenye pikipiki inayoruka mashimo, ataona FUNG na mengine atayajaza mwenyewe kwa matumaini yake. KITAFUNGWA ni mbaya zaidi, kwa sababu W na U zikiandikwa kwa nukta zinafanana, na nguzo ya katikati ya W ikifa, umepata FUNGUA. Nilikaa na daftari jioni nzima nikiua herufi mbili mbili katika kila sentensi ili nione kinachobaki. Rafiki zangu wa chumbani walidhani nacheza mchezo wa maneno.

Yaya naye alikuwa na daftari lake, la maji.

Tuliyoyajadili juu ya ngazi ile nayaandika hapa kwa urefu kidogo, kwa kuwa wengi wanaofunga vibao hivi mjini wanavinunua kama vilivyo kwenye katoni. Wenye kituo walitaka kwanza televisheni, yaya akawakataza, na alikuwa sahihi. Televisheni ya sebuleni hutoa mwangaza wa kandela mia tatu hivi kwa mita ya mraba. Kibao cha kusomeka juani kinahitaji maelfu. Pia kioo cha kawaida kikipigwa na jua mchana kutwa, fuwele za majimaji zilizomo hupata joto hadi zinapoteza mpangilio wake, na kioo kinafanya madoa meusi. Taa za LED hazina ugonjwa huo. Zina ugonjwa wa maji.

Kwenye katoni ya moduli palikuwa pameandikwa IP65. Tarakimu ya kwanza, 6, ni ya vumbi: haliingii kabisa. Ya pili, 5, ni ya maji: kifaa kinastahimili maji yanayomiminwa kwa mrija kutoka pande zote. Fundi wa kwanza aliisoma akaridhika. Lakini nambari ile ilikuwa ya uso wa moduli, ule uliofunikwa kwa gundi mpaka miguu ya taa. Mgongo wake, penye bodi na soketi za utepe, ulikuwa wazi kama mgongo wa redio. Ukiifungia moduli kama hiyo kwenye sanduku, kinga ya mgongo ni sanduku lenyewe, wala si ile namba.

Na sanduku lilikuwa na makosa mawili. Kebo ya umeme iliingilia tundu la pembeni juu kushoto, ikiteremka moja kwa moja kutoka paani. Maji ya mvua hufuata kebo kama mbuzi afuatavyo kamba. Yaya alitoboa tundu jipya chini, upande wa kulia, akaipindisha kebo ishuke kwanza chini ya tundu halafu ipande kuingia, ili tone lianguke kwenye kiwiko lisipande nayo. La zamani aliliziba kwa silikoni.

Kosa la pili lilikuwa la nia njema. Sanduku lilizibwa pande zote, halina hata tundu la kutolea maji. Kisangani iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, mvua yake hupita milimita 1,600 kwa mwaka na hakuna mwezi unaoweza kuitwa mkavu. Hewa yenyewe ni nusu maji. Mchana chuma kinapata joto, hewa iliyomo inatanuka na kutoka kwenye vijipenyo. Jioni mvua inanyesha, chuma kinapoa ghafla, na hewa ya nje yenye unyevu inavutwa ndani. Humo inageuka matone. Siku inayofuata vivyo hivyo. Sanduku lililozibwa kwa uaminifu hunywa maji kidogo kidogo na halina pa kuyatoa. Dawa ni matundu madogo sakafuni mwa sanduku, yamefunikwa kwa wavu mwembamba, maana bila wavu nyigu wanaojenga kwa udongo watahamia, na mijusi wataingia kula wadudu wanaokuja kwa mwanga. Katika kibao hiki kulikuwa na mjusi mmoja mkavu, amelala juu ya kadi ya kudhibiti.

Kuhusu umeme nitasema kwa kifupi. Moduli moja, nukta zote zikiwaka, hula wati 20 hivi. Kumi na mbili ni wati 240. Maandishi hayawashi nukta zote, labda robo yake, kwa hiyo betri na paneli ya jua vinatosha kukitunza kibao umeme unapokatika. Yaya aliongeza kinga ya radi na waya wa ardhini. Bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na radi duniani, na wenye kituo walipoona bei ya kinga hiyo wakasita. Aliwaambia waijumlishe bei ya kibao kingine.

Jua lilitutatiza kuliko nilivyodhani. Kibao kilitazama magharibi, na kuanzia saa kumi alasiri jua lilikipiga usoni, saa ileile ambayo watu wanarudi kutoka sokoni. Hapa ikweta ina fadhila yake: jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi, wala Juni linapokuwa kaskazini wala Desemba linapokuwa kusini, halipiti digrii 24 hivi. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini ndio wenye nafuu. Yaya alikihamisha kibao kwenye ukuta wa kaskazini, unaoonekana vizuri kutoka njia panda, akakiwekea kofia ya bati yenye kina cha sentimita 30. Kofia hiyo inakitia kivulini tangu kama saa mbili asubuhi hadi saa kumi, hata mwezi wa Juni. Alinikumbusha zile roboti za trafiki za Kinshasa, zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay na kusimamishwa barabarani mwaka 2013: zilitengenezwa kwa alumini kwa sababu hiihii ya jua na mvua, zikala umeme wa jua. "Kila kitu cha nje huku," alisema, "lazima ukifikirie kama mtu atakayelala nje."

Nikarudi kwenye daftari langu na swali hilohilo: sentensi italalaje nje?

Mama muuguzi mkuu alikuwa na jibu lake tayari: tuandike Kifaransa, lugha ya serikali. Na nilipokitazama Kifaransa kwa jicho la taa zinazokufa, ilinibidi nikiheshimu. Ukanushi wake umekizunguka kitenzi pande zote mbili, ne mbele na pas nyuma. Mdenmaki Otto Jespersen alieleza mwaka 1917 jinsi lugha kadhaa, na Kifaransa kati yake, zilivyoona neno lao la kukanusha likidhoofika na kuliongezea jingine la kuliimarisha. Kwa kibao ni kama kufunga mlango kwa makufuli mawili. Lakini Kifaransa kinataka herufi nyingi zaidi, sentensi hiyohiyo haienei safu moja, na herufi kubwa zenye alama juu, kama É, hazina pa kukaa katika nukta 16. Zaidi ya hayo, yule mama wa Lubunga asingekisoma. Alinieleza mwenyewe nilipomtafuta: Kiswahili anakisoma kwa sababu ya kitabu cha nyimbo za kanisa.

Kilingala je? Jiji hili ni mahali mito miwili ya maneno ilipokutana. Kilingala kilipanda kutoka magharibi na mashua na jeshi. Kiswahili kilikuja kutoka mashariki na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, na huyo Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa hapa Stanley Falls. Lugha zote mbili zinatajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba ya 2006 kuwa lugha za taifa, na mtoto wa Mangobo huzichanganya kabla hajafika dukani. Katika Kilingala "hatutafungua" ni tokofungola te. Ukanushi uko mwisho kabisa, neno dogo la herufi mbili. Ugonjwa ni uleule, umehama tu kutoka kushoto kwenda kulia. Na kesho ni lobi, ambayo pia ni jana, inategemea kitenzi. Kitenzi kikiharibika, siku nayo inapotea.

Nikabaki na Kiswahili, na ndani ya Kiswahili nikabaki na jambo ambalo sikulitarajia.

Nyumbani hatusemi "hatutafungua". Kiswahili chetu, kile ambacho vitabu vya zamani vilikiita Kingwana, lugha ya waungwana, kimeidondosha h zamani. Mtaani utasikia "atutafungua", na katika nafsi ya tatu "atafungua" inaweza kuwa ndiyo au siyo, sikio likusaidie. Watu hawakukaa na hatari hiyo. Wanachukua neno zima, lenye miguu yake, wanaliweka penye kukataa: apana. Kesho kazi apana. Leo dawa apana. Ni namna ya kusema ambayo mwalimu wangu wa shule ya msingi aliifuta kwa kalamu nyekundu kila alipoikuta, na ambayo mimi mwenyewe darasani husikia ikiitwa Kiswahili kilichovunjika.

Likate neno hilo sasa. HAPANA ikipoteza HA inakuwa PANA. Ikipoteza NA inakuwa HAPA, au ikiwa ni PA ya katikati, HANA. Hakuna katika hayo linalosema "njoo". Kwa kanuni za kibao kinacholala nje, hiki kinachoitwa kuvunjika ndicho kisichovunjika.

Niliandika sentensi saba juu ya vipande vya katoni, nikaenda navyo kwenye gati ya pirogi, nikawa nafunika herufi mbili kwa kiganja na kuwauliza watu: kituo kiko wazi au la? Si utafiti, sitajifanya. Mzee mmoja aliniuliza kama nauza katoni. Lakini kila mtu niliyemwonyesha KESHO HAPANA, hata nilipofunika mahali nilipotaka, alijibu kwamba hakuna kwenda, au alisema haelewi. Na "sielewi" ni jibu salama. Asiyeelewa anauliza. Kijana mmoja mwendesha baiskeli ya abiria, wa wale tunaowaita toleka, alilisoma kwa sauti kubwa bila h, "Kesho apana!", akacheka, akaniambia: "Njo vile tunasemaka."

Muuguzi mkuu hakucheka. "Mtoto wangu," aliniambia, "hii ni nyumba ya matibabu. Unataka watu waseme sisi hatukusoma?"

Nilimwelewa. Amesoma kwa shida, ameandika kwa lugha ya watu wengine maisha yake yote ili aaminiwe, na sasa kijana wa chuo kikuu anamletea lugha ya sokoni aitundike juu ya mlango wake. Sikumpa Shannon wala Jespersen. Nilichukua katoni ya HATUTAFUNGUA, nikafunika HA, nikamwomba asome. Akasoma. Akanyamaza kidogo, akasema jina la yule mama wa Lubunga.

Tulipatana juu ya jambo moja: h ibaki. KESHO HAPANA, pamoja na nafasi katikati, ni herufi 12 kamili, kwa hiyo hata fundi wa kwanza angefurahi. Hivyo muuguzi amepata tahajia yake ya shule, na mtaa umepata neno lake. Kila mmoja analitamka atakavyo. Safu ya chini tuliandika UZAZI WAZI, kwa sababu mlango wa wazazi haufungwi hata Jumapili, na katika sentensi ya zamani hilo halikuwemo kabisa. Hapo pia tulijaribu kufa kwa taa: UZAZI ikibaki peke yake, mwanamke mwenye uchungu atabisha hodi; WAZI ikibaki peke yake, vilevile. Tuliacha siku za juma, maana wengi wetu tunasema lundi na mardi, na Jumatatu kwa mtu wa huku humlazimisha kuhesabu vidole.

Yaya amebadilisha jambo moja zaidi kwenye kadi ya kudhibiti. Safu mbili sasa hupishana kila sekunde tano: ujumbe wa juu unashuka chini na wa chini unapanda juu. Moduli yoyote ikifa, haitafunika neno lilelile muda wote. Mimi nilidhani nimemletea sarufi, naye akarudi na ziada ya Shannon bila kumsoma, kwa bisibisi.

Kibao kimepita mvua za Oktoba na Novemba. Moduli nyingine moja, ya chini kulia, imeanza kupepesa, na matundu ya sakafuni yametoa maji mara mbili ambayo tuliyaona yakidondoka. Wiki iliyopita mwenye duka la dawa wa Mangobo alimwita yaya, anataka kibao chake kiwe kwa Kilingala kitupu. Nimemwambia yaya nahitaji siku chache kwa ajili ya te, na kwamba kwa sasa, popote atakapotoboa tundu la kebo, lisiwe kulia.